Mabomu 22,841: Historia Iliyoanzia Mtaa wa Nkrumah

Shika Mtaa wa Nkrumah kutoka Mnara wa Saa, elekea Kamata. Utapita katikati ya pampu za maji, jenereta, matairi na mabunda ya nyaya, na mikokoteni itakuja nyuma yako ikidai njia. Mtaa huu ni wa watu wenye haraka. Nimepita hapo miaka mingi na sijaona hata mmoja aliyesimama kutazama juu ya mabati ya maduka na kujiuliza nani alikuwa hapo kabla ya pampu. Katika miaka ya 1960 mtaa huu ulikuwa na ofisi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoasisiwa papa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, Eduardo Mondlane akiwa rais wake wa kwanza.

Naanzia hapo kwa makusudi. Ukisoma taarifa rasmi, habari ya Tanzania na mabomu ya kutegwa ardhini huanza Ottawa, Kanada, Desemba 1997, mataifa yalipokutana kuyapiga marufuku. Huo ni mwanzo wa kwenye karatasi. Mwanzo wenyewe uko katika mitaa hii iliyo kati ya bandari na Kariakoo, na si wote unaotupendeza kuusimulia.

Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na kuiweka Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994, kamati hiyo ilikuwa mlango wa vita vyote vya kusini. Brigedia Jenerali Hashim Mbita aliishika kamati hiyo kuanzia 1972 hadi ilipofungwa. Vyama vya ukombozi vya ANC, PAC, SWAPO, MPLA na ZAPU vyote vilikuwa na ofisi mjini. Silaha zilizotoka Umoja wa Kisovieti, China na kwingineko zilishuka bandarini, zikapokelewa na serikali, kisha zikasafiri kwenda kwenye kambi. Kwa FRELIMO safari hiyo iliishia Nachingwea, na aliyewahi kusafiri kwenda kusini enzi za kivuko cha Ndundu, mvua za masika zikiwa zimeifanya barabara kuwa bwawa, anajua mizigo hiyo ilikwendaje.

Ndani ya silaha hizo yalikuwamo mabomu ya kutegwa. Vita vya Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, mkoa wa Cabo Delgado, na mpiganaji wa msituni asiye na ndege wala kifaru hakuwa na silaha iliyomfaa kuliko hiyo. Unalifukia barabarani usiku, unaondoka. Lori la Wareno linapita asubuhi. Barabara za kaskazini mwa Msumbiji zikawa adui wa jeshi la Ureno kuliko msitu wenyewe. Wareno nao hawakukaa bure. Walitega mabomu kando ya mpaka wa Ruvuma ili kuziba njia za wapiganaji na za wakimbizi waliokuwa wakivuka kuja kwetu. Waliojeruhiwa waliletwa upande wa Tanzania, na Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Dokta Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani.

Basi tuseme ukweli, kwa kuwa umri wa kuusema umefika. Mji huu tunaousifu kuwa ulikuwa makao ya wapigania uhuru ulikuwa pia kituo cha silaha ambayo baadaye tulikuja kuiita haramu. Silioni hilo kuwa doa. Waliokuwa wakipigwa mabomu ya kutoka angani hawakuwa na nafasi ya kuchagua, na mkataba wa kuwakataza haukuwapo. Ila bomu lililofukiwa halijui kwamba vita vimekwisha, wala halijui bendera iliyoshushwa na iliyopandishwa. Mkulima wa Mueda aliyekwenda kulima mwaka 1976 alikanyaga ardhi ile ile aliyoikanyaga askari wa Ureno mwaka 1970.

Na Dar es Salaam yenyewe ilionja. Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba moja ya Oysterbay, Mondlane alifungua kifurushi chenye kitabu. Kitabu kilikuwa na bomu, likamuua pale pale. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, na mabaki yake yakaja kuhamishiwa Maputo baada ya uhuru. Kisheria lile halikuwa bomu la kutegwa ardhini. Lakini lilifanya kazi kwa akili ile ile: muuaji yuko mbali, na anayelilipua ni yule anayekusudiwa kufa, kwa mkono wake au kwa mguu wake. Mkataba wa Ottawa ulipokuja kuandika maana ya kitu unachokikataza, ulishika hapo hapo: bomu lililotengenezwa lilipuke kwa sababu mtu amefika, amekaribia au amegusa.

Hata jina la Kariakoo lina harufu ya baruti. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 walikileta hapo kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina la Kiingereza likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba vita vya watu wengine kichwani, na makumi ya maelfu wakafa, wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Katika vita hivyo hivyo vikosi vidogo vya Wajerumani vilitoka upande wa Kilimanjaro, vikavuka nyika ya Tsavo na kutega baruti chini ya reli ya Uganda. Afrika Mashariki ilianza kukanyaga mitego mapema kuliko watu wengi wanavyodhani.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na vita vya pili vikafuata, vya serikali na waasi wa Renamo, hadi mkataba wa amani uliosainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Kila upande ulitega: kwenye nguzo za umeme, madaraja, visima, njia za kwenda shambani. Askari wa jeshi letu, JWTZ, walipelekwa huko katika miaka ya 1980, na waliorudi kwenye masanduku wamelala Naliendele, Mtwara. Kaskazini magharibi nako, vita vya Burundi vya miaka ya 1990 vilileta Kigoma wakimbizi waliokatika miguu. Ukiwa Dar es Salaam ungeweza kuishi bila kuliona jambo hili hata kidogo. Ukiwa Mtwara au Kigoma usingeweza.

Ndiyo maana nadhani haikuwa bahati tu kwamba Tanzania ilikuwa katika kundi la kwanza. Mkataba ulifunguliwa Ottawa tarehe 3 Desemba 1997, na Tanzania ikatia saini siku hiyo hiyo. Rais alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyekulia upande huu wa Ruvuma. Waziri wake wa mambo ya nje alikuwa Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwanajeshi kabla ya kuwa waziri. Mmoja alijua kijiji cha mpakani, mwingine alijua ghala la silaha. Sina nyaraka za mazungumzo yao, na sitayabuni. Nasema tu kwamba hawa hawakuhitaji kuonyeshwa picha ili waelewe.

Mwaka ule dunia nzima ilikuwa inalizungumza. Kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu hayo, pamoja na mratibu wake Jody Williams wa Marekani, ilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1997. Kusaini katika mwaka wa shangwe ni rahisi. Kazi iko kwenye kuridhia, na kazi kubwa zaidi iko kwenye kufungua ghala.

Hati za kuridhia za Tanzania zilikabidhiwa Umoja wa Mataifa tarehe 13 Novemba 2000. Mkataba una hesabu yake: unaanza kukubana siku ya kwanza ya mwezi wa sita baada ya mwezi ambao hati zilikabidhiwa. Hesabu ikaangukia tarehe 1 Mei 2001, siku ya wafanyakazi, wakati sherehe za Mei Mosi zikiendelea na watu wakisubiri kusikia habari za mishahara. Kuanzia siku hiyo nchi ilikuwa na siku 180 za kutoa taarifa ya kile ilichonacho na miaka minne ya kukiteketeza.

Taarifa ilichelewa. Ilitakiwa itoke kabla ya Oktoba 2001 kwisha, ikafika mwaka 2003. Tulioishi na ofisi za umma tunaijua hiyo. Faili hulala mezani likisubiri sahihi ya mtu aliyesafiri. Ila ilipofika ilikuwa na namba kamili, na hilo ni jambo zito kwa jeshi lolote, kwa kuwa idadi ya silaha ni siri ambayo majeshi huilinda kuliko mishahara. Tanzania ilitamka mbele ya dunia kwamba ina mabomu 23,987 ya kutegwa dhidi ya watu.

Kuteketeza kulianza Machi 2003 na kukamilika Julai 2004, kwa awamu. Yaliteketezwa mabomu 22,841. Tarehe ya mwisho ilikuwa 1 Mei 2005. Sisi tulimaliza zaidi ya miezi tisa kabla. Ili uone thamani ya hilo, angalia wengine: Ugiriki, Uturuki na Belarus walitakiwa wawe wamemaliza tarehe 1 Machi 2008, na siku hiyo ikapita wote watatu wakiwa na maghala yao. Ugiriki ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ina fedha na mitambo. Nchi iliyokuwa ikiombea fedha za madawati ilitimiza ahadi, yenye fedha ikashindwa. Vyombo vyetu vya habari havikulipigia ngoma jambo hilo inavyostahili, na hadi leo ukiuliza kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo kuhusu mabomu ya jeshi, hutatajiwa Julai 2004. Utatajiwa siku nyingine, nitafika huko.

Ukitoa 22,841 kwenye 23,987 yanabaki 1,146. Mkataba unaruhusu nchi kubakiza kiasi kidogo cha kufundishia utambuzi na uteguaji. Nchi nyingine zilikitumia kifungu hicho kama kichaka cha kujificha, zikabakiza maelfu na zisiseme kwa kazi gani. Kwetu kazi ilikuwapo, na ilikuwa Morogoro.

Mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo likiwa na wazo lililowachekesha wengi: kumfundisha panya buku kunusa baruti. Panya buku tunamjua. Ni yule mkubwa kama paka mdogo, anayeiba mahindi na kujaza mashavu, na kwa baadhi yetu ni kitoweo. Uzito wake ni kama kilo moja na kidogo, kwa hiyo hata akikwaruza juu ya bomu hawezi kulilipua. Macho yake ni mabovu, pua yake ni ya ajabu. Anafundishwa kwa miezi tisa hivi: anasikia mlio mdogo, anapewa ndizi au karanga, mpaka anaelewa kwamba harufu ile ndiyo yenye malipo. Kisha anafungwa kamba kifuani, anapelekwa kwenye uwanja ambamo mabomu yamefukiwa baada ya kutolewa kiwashio, na JWTZ lilisaidia kazi hiyo. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi anaweza kulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma, kinacholia kwa kila msumari na kifuniko cha soda, anaweza kulihangaikia siku nne.

Panya wa Morogoro walikwenda Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alifanya kazi Kambodia tangu 2016, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, likampa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Hakuna panya aliyewahi kupewa kabla yake. Alikufa Januari 2022. Ndugu zake wengine walifundishwa kunusa kifua kikuu, na makohozi ya kupimwa yakawa yanatoka kwenye kliniki za Dar es Salaam. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama lishe wa Kariakoo aligunduliwa ugonjwa wake na mnyama wa ukoo ule ule unaonusa mabomu, na hakuambiwa.

Moshi nako, katika chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1981, wanafunzwa mafundi wa miguu na mikono ya bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, zikiwamo zilizotegwa mabomu. Nalitaja kwa ufupi tu, si kwa sababu ni dogo, bali kwa sababu linastahili makala yake.

Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza kuyasafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu. Shirika la HALO peke yake lilikuwa limetegua zaidi ya mabomu 171,000 katika miaka ishirini na zaidi. Ukumbuke vita vya kwanza vilianza 1964. Kuyatega mabomu ni kazi ya usiku mmoja. Tangu la kwanza litegwe hadi maeneo hayo yasafishwe ilipita nusu karne, na huenda hadithi hiyo ingeishia hapo kama Cabo Delgado isingewaka tena. Tangu 2017 mkoa ule una uasi, na mabomu ya kutengenezwa kienyeji yamerudi barabarani. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa.

Sasa siku ile ya kijiweni. Tarehe 29 Aprili 2009, mchana kweupe, ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, hapa hapa Dar es Salaam. Mabaki yaliruka hadi kwenye nyumba, madarasa na mashamba ya mchicha. Watu zaidi ya 20 walikufa, na majeruhi wakajaa hospitali za Temeke na Muhimbili. Tukaambiwa halitatokea tena. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Mjini vioo vilitikisika, uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda, barabara zikafurika watu wanaokimbia bila kujua wanakokimbilia, na maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru, wengine wakitafuta watoto waliopotea njiani. Hapo pia waliokufa walizidi 20. Asubuhi iliyofuata serikali ilikuwa ikiwatangazia wananchi kile ambacho Msumbiji iliwatangazia watu wake kwa miaka mingi: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, mzuie mtoto, toa taarifa.

Hakuna bomu la kutegwa dhidi ya watu lililohusika, na mkataba wa Ottawa haukuvunjwa. Ulikuwa umetimizwa miaka mitano kabla ya Mbagala. Lakini hapo ndipo ninapoona ufinyu wake. Mkataba unazungumzia aina moja ya silaha. Haugusi hata mabomu ya kutegwa dhidi ya magari, yale ambayo yalilipua malori ya Wareno. Jeshi letu lilihesabu kwa makini, bomu kwa bomu, kile kilichotakiwa na Ottawa, kwa sababu kulikuwa na tarehe, fomu na macho ya nje. Risasi na makombora mengine yaliyochakaa katikati ya makazi ya watu hayakuwa na tarehe ya mtu yeyote. Usimamizi tuliouonyesha kwa mabomu 22,841 ungeweza kuonyeshwa Mbagala. Uwezo ulikuwapo, tuliuona ukifanya kazi.

Dunia nayo imebadilika. Mwaka 2025 Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland, kwa kuiogopa Urusi, zilitangaza kujitoa katika mkataba wa Ottawa. Hakuna nchi ya Afrika iliyofanya hivyo, ingawa Afrika ndiko walikokatika miguu wengi. Wale waliotufundisha kuandika mikataba wanaifuta, nasi tulioteketeza tumebaki na neno letu. Lingekuwa jambo la kujivunia zaidi kama tusingekuwa na deni jingine.

Tarehe 3 Desemba 2008, miaka kumi na moja kamili baada ya Ottawa, Tanzania ilitia saini mjini Oslo mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko, yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo ambavyo vingi havilipuki mpaka mtoto avikute. Burundi iliuridhia mwaka 2009, Msumbiji 2011, Rwanda 2015. Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walisaini, wakakaa. Sisi pia. Kinachohitajika ni azimio la Bunge na hati ya kukabidhi New York, kama ile ya Novemba 2000. Hadi mwaka 2024, miaka 16 baada ya saini yetu, hati hiyo ilikuwa haijapelekwa.